Mkindu, Mnana na Mimi

Jumatatu, 16 Juni 2025

Niko dunguni tangu alfajiri. Dungu letu lina kimo cha watu wawili, miguu ni miti ya mkoko, paa la makuti. Kutoka juu naliona shamba zima la mpunga wa mke wangu, Mwanamina. Nasema wa Mwanamina kwa sababu kulima alilima yeye, kupanda alipanda yeye, palizi yeye. Mimi ni katibu wa kamati ya mazingira ya kijiji na msimu huu vikao vilikuwa vingi. Viwili.

Juzi ameteleza matopeni, mguu umeteguka, ngazi hawezi kupanda. Mashuke yameshatoka na punje zinajaa maziwa. Kwa hiyo kuamia ndege, siku kumi zote hizi, ni juu yangu. Ameniagiza jambo moja tu: ndege wasile. Amelirudia mara tatu, polepole, akinitazama usoni, kama anayemtuma mtoto dukani. Akasema huo ndio wali wetu wa mwaka mzima, Baba Nasra, hatuna mwingine. Nimemwambia aweke mguu juu na roho yake aiweke chini. Nimekabidhiwa kombeo, debe la kupiga, na kamba ndefu ya makopo inayozunguka shamba. Ukiivuta kutoka dunguni, makopo yanalia kila kona. Daftari nimelibeba mwenyewe. Haifai mtu mwenye fikra kama zangu akae siku kumi juu ya nguzo bila kumbukumbu kuandikwa.

Sasa la muhimu. Kijiji kinachora kibao kipya pale gatini, ili anayeshuka botini ajue amefika kwa watu. Fundi wa rangi anatoka Ikwiriri, na kibao kina nafasi ya picha moja. Mimi nimependekeza mkindu. Shemeji yangu Amri, kaka yake Mwanamina, msuka madema ya kutegea samaki, amependekeza mnana. Ndege! Mkutano wa kijiji utaamua Alhamisi ya wiki ijayo.

Amri naye anaamia. Shamba lake limepakana na letu na dungu lake liko hatua sitini kutoka hapa. Asubuhi kanipazia sauti kwamba mnana husuka nyumba bila kufundishwa na mtu, tena huku anaimba. Nikampazia na mimi kwamba mla mpunga wa watu hawezi kuwa sura ya kijiji. Akasema basi nyuma yangu kuna sura kama mia hivi, nigeuke. Sikugeuka. Ningegeuka angejiona kashinda.

Jumanne, 17 Juni

Siku ya kitaalamu. Nimegawa ukurasa katikati kwa mstari ulionyooka. Kushoto mkindu, kulia mnana.

Mkindu: haumwibii mtu. Umeota wenyewe, haujadai palizi. Unatoa ukindu wa mikeka, wa makapu, wa mikoba, wa vipepeo vya jiko. Unatoa fagio. Matunda yake watoto wanayagombania. Miba yake inawatia adabu mbuzi. Kuna na kile kinachogemwa, ambacho sikukiandika, maana kibao kitasomwa na masheikh.

Mnana: anasuka. Anaimba, kama ule ugomvi wao unaofanana na foleni ya ndoo kisimani unaweza kuitwa wimbo.

Tisa kwa mbili. Ile ya pili nimempa kwa uungwana wangu tu.

Lakini mtafiti haishii hapo. Nimetaka kujua mnana mmoja anakula kiasi gani, na huwezi kujua ndege anakula kiasi gani kama unamfukuza. Nimeifungua kamba ya makopo na kuikunja, maana upepo ulikuwa unaitikisa na kuharibu utafiti. Debe nimelikalia. Kuanzia saa mbili mpaka adhuhuri nimemfuata kwa macho dume mmoja wa njano mwenye uso mweusi, na amekula punje arobaini na sita kabla sijamchanganya na mwenzake. Nikazidisha kwa kundi zima. Jibu linatisha! Mgombea wa Amri amekwisha kabisa.

Jambo moja la kukera. Amri hajui kulenga. Madongo ya kombeo lake leo yameangukia kwetu kutwa nzima, upande wote ule unaopakana naye. Kila dongo linainua ndege zangu kabla sijawahesabu. Nimemwonya. Amesema atajitahidi, na akarusha jingine.

Mchana Bi Sihaba kaniletea ugali na samaki wa kupaka. Ni jirani yetu, mwenyekiti wa kikundi cha wasuka mikeka, na mdomo wake unapiga kura hamsini. Akasema Mwanamina anauliza ndege wako vipi. Nikamwambia mpaka sasa mia mbili na arobaini, na kesho watazidi. Akafurahi, akasema mwenzangu leo atalala usingizi mzuri. Alipokwisha kushika njia ndipo nikafahamu kuwa kadhani nimewafukuza. Sikumwita arudi. Jua lilikuwa kali.

Jumatano, 18 Juni

Nimeona kitu ambacho sitakisema mbele ya watu.

Pembeni mwa shamba letu kuna mikindu mitano imeota pamoja, na juu yake viota vinaning'inia kama arobaini. Dume la mnana linatua kwenye ukuti, linang'ata ukingoni, halafu linaruka nao. Unachanika utepe mrefu, mwembamba, umenyooka kuliko chane yoyote niliyowahi kuiona nyumbani kwa mama mkwe, na yule mama alichana ukindu miaka hamsini. Kisha linafunga fundo. Kwa mdomo! Mimi kufunga kamba ya ngazi hii ya dungu nilisaidiwa.

Kiota kikiisha dume linaning'inia chini yake likipiga mabawa na kuita. Jike linakuja, linaingia, linachungulia, linavuta utepe huu na ule. Likitoka bila kurudi, dume linakibomoa kiota chote na kuanza upya. Nimeshuhudia mmoja akibomoa mara mbili. Nikasikitika, nikajisikia fahari papo hapo. Mwanamina hajawahi kuikataa nyumba yangu, ingawa paa amelitaja.

Sasa angalia kichwa changu kinavyofanya kazi. Utepe ule unatoka wapi? Kwenye mkindu! Kwa hiyo ufundi wa mnana ni wa kuazima. Ondoa mkindu, mnana ni ndege asiye na makazi, anapiga makelele tu hewani. Nimempazia sauti Amri nikamweleza. Kisha akasema hata mikeka ya dada yake nayo basi ni ya kuazima. Nikasema hilo ni suala jingine.

Nimelala kidogo baada ya chakula nikaamka na mpango umekamilika. Nikiyakata makuti yote ya mikindu ile mitano, minana watahama. Moja, nitakuwa nimethibitisha mbele ya kijiji kwamba bila mkindu mnana si kitu. Mbili, mpunga utakuwa hauna ndege. Watu wengine wanahangaika na kombeo.

Alhamisi, 19 Juni

Nimefanya! Panga moja, mtu mmoja, kuanzia saa moja mpaka saa sita. Nimekata makuti yote, makubwa na machanga, mpaka ile mishale ya katikati ambayo haijafunguka. Viota vimeanguka vyote, bado havikuwa na mayai, nimehakikisha. Mikindu mitano imebaki vigogo. Mikono yangu imejaa miba na sijutii mwiba hata mmoja.

Makuti machanga sikuyatupa. Nimefunga vifurushi vinane nikampa Bi Sihaba alipoleta chakula, zawadi kwa kikundi kutoka kwa katibu wa mazingira. Ameyageuza geuza. Akauliza ukindu wote huu nimeutoa wapi. Nikamjibu kwamba mtu akipenda mikeka ya kina mama hakosi pa kuupata. Akasema ahsante, akaondoka akiangalia nyuma. Kura hamsini zile, mfukoni.

Minana wamezunguka vigogo mchana kutwa. Wanatua, hawaoni pa kutua, wanaruka tena. Nilitegemea wangeondoka kabla ya alasiri. Wanafikiri polepole kuliko nilivyodhani.

Amri kaniuliza nimefanya nini. Nimemwambia atajua Alhamisi ijayo. Hakucheka. Akaniuliza kama Mwanamina anajua. Nikamwambia mambo ya utafiti hayatangazwi kabla ya wakati.

Ijumaa, 20 Juni

Nimekwenda kijijini kuswali, na kwa kuwa watu walikuwa wengi nikabaki kuzungumza nao habari za kibao mpaka alasiri. Shamba sikuliacha tupu. Nilisimamisha nguzo dunguni nikaivisha koti langu la kamati, juu nikaweka chungu, juu ya chungu kofia. Kwa mbali ni mimi mtupu. Hata mimi mwenyewe nilipogeuka njiani nilipata heshima.

Kijijini wamenisikiliza vizuri. Wazee wawili wamesema mkindu ni hoja. Mmoja kaniuliza mpunga nimemwachia nani, nikamwambia yupo mtu.

Kurudi, nimekuta minana wanne mabegani kwa koti, wawili juu ya kofia, na mmoja anavuta uzi wa kifungo. Nikamwuliza Amri kwa nini hakunipigia simu. Akasema hakujua kwamba nimeondoka, maana toka Jumanne yule wa dunguni amekuwa akikaa hivyo hivyo.

Jumamosi, 21 Juni

Nimeamka dunguni asubuhi, kuna kiota juu ya pua yangu.

Nimehesabu kumi na tano mpaka saa tano. Vinaning'inia kwenye ukingo wa paa la dungu, pande zote, mafundi wamejaa, kila mmoja anaita jike lake. Kwa kuwa mikindu haina kuti, wamechagua mti mwingine ulio karibu, na mti wenyewe ni mimi. Wananiamia.

Hilo si baya. Mtafiti gani amewahi kuletewa utafiti mpaka kitandani? Lililonishangaza ni jingine. Sasa wanachana majani ya mpunga. Wanang'ata ukingoni na kuruka nayo vile vile, tepe za kijani ndefu, na kila shina wanalolivuta linalala matopeni na mashuke yake. Zamani walikuwa wanakula tu. Sasa wanakula na kujenga.

Nimeandika upande wa kulia: anajua kubadili malighafi. Kisha nikaifuta. Si kazi yangu kumfanyia Amri kampeni.

Nimejaribu kurudisha kamba ya makopo, lakini nilikuwa nimeikunja ikajisokota na sijapata ncha. Nimepiga debe. Wameinuka, wamezunguka, wamerudi kwao, yaani kwangu. Shuke moja nililolivuta karibu na ngazi lilikuwa jepesi. Nimelirudisha nikaliegemeza kwa wenzake lisionekane.

Jumapili, 22 Juni

Mwanamina amekuja. Kaletwa na Bi Sihaba kwa mtumbwi, kashika fimbo, mguu umefungwa kitenge. Sikuwa namtegemea. Nilikuwa nimelala, kumbe wamesimama chini ya ngazi muda.

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Alipita ukingoni mwa shamba akichechemea, anashika shuke, analipitisha katikati ya vidole, anaangalia kiganja. Makapi. Anakwenda hatua tano, anashika jingine. Upande wa dungu letu wote alifanya hivyo, mpaka akafika kwenye yale yaliyolala. Hapo akakaa chini pale pale kwenye tope, mguu mbovu kaunyoosha, akasema huu mpunga nimeupanda nimeinama siku kumi na nne. Basi. Mimi nilianza kuinua shina moja lililolala, likaanguka tena. Naandika hivyo kwa kuwa daftari ni langu.

Nikamletea utafiti. Nilidhani akiona kazi iliyofanyika atapata faraja. Akausoma wote, tisa kwa mbili, punje arobaini na sita, jibu la kuzidisha. Akauliza alipokuwa anakula punje ya arobaini na tano nilikuwa nafanya nini. Nikamwambia nilikuwa nasubiri ya arobaini na sita.

Bi Sihaba alikuwa amesimama kwenye vigogo vya mikindu. Akarudi, akasema Mama Nasra, ule ukindu tuliogawiwa juzi ni wetu wenyewe. Kumbe kikundi chao hukata hapo miaka yote, kila mti mshale mmoja, wanaacha mingine, na kumbe mishale ikikatwa yote mti unaweza kukaa mpaka mwakani bila kutoa kitu. Hilo halikuwa kwenye ukurasa wangu. Nilikuwa nimelinganisha kwa haki kila nilichokuwa nakijua.

Mwanamina akaomba kombeo. Akapanda ngazi kwa mikono na mguu mmoja, ngazi ile ile aliyoambiwa asipande. Akakaa. Akavunja viota kwa fimbo, kumi na tano, akamwita kaka yake, na wakaanza: dongo la Amri kutoka kule, dongo lake kutoka huku. Ndege hawakupata pa kukanyaga. Mimi nilichemsha chai na kufinyanga madongo. Nayafinyanga vizuri sana, ya duara kamili. Hakuna aliyenisifu.

Kuna nusu ya shamba iliyosalimika, ile iliyopakana na Amri. Mashuke yake mazito, yameinama. Mwanamina ameitazama muda mrefu, kisha akatazama dungu la kaka yake, kisha shamba la kaka yake, ambalo upande wa mbali limeliwa vibaya. Machozi yakamtoka. Nimemwambia asimlilie Amri, ni uzembe wake, siku zote hizi madongo yake yote aliyarusha upande wetu badala ya kwake. Akanitazama kama vile ndiyo kwanza ananiona. Nadhani hoja ilimwingia.

Alhamisi, 26 Juni

Mkutano. Nilivaa koti, lile lile, kifungo kimoja hakipo.

Nilipewa dakika tano nikatumia ishirini. Nikasoma pande zote mbili za ukurasa. Nilipofika kwenye punje arobaini na sita mtu wa nyuma akauliza katibu alikuwa wapi ndege anakula zote hizo. Nikamjibu kwamba nilikuwepo, kalamu mkononi. Watu walicheka sana. Nikanyamaza kidogo ili wamalize kustaajabu.

Amri akasimama akasema maneno machache tu. Kwamba yeye alimpendekeza mnana kwa kuwa anapenda fundi, lakini wiki hii amemwona fundi mwingine, na anaondoa pendekezo lake. Nikajua nimeshinda! Nikasimama nusu kushukuru.

Ndipo Bi Sihaba akainua mkono. Akasema kijiji hiki kimelishwa na mtu aliyekaa dunguni, si na mti wala ndege. Akapendekeza achorwe mwanamke anaamia mpunga, ameshika kombeo, mguu mmoja umefungwa kitenge. Mikono ikainuka ukumbi mzima. Wa Amri ulikuwa wa kwanza. Kikundi cha mikeka kilinyanyua mikono yote miwili. Mwanamina alikuwa kaegemea ukuta, akajifunika uso kwa mtandio.

Fundi wa rangi kampiga picha kwa simu ili achore vizuri. Nilisogea niwemo, akaniomba nipishe mwanga.

Matokeo yangu, nikiyatazama kwa utulivu: mnana kashindwa. Nilisema toka mwanzo atashindwa. Na yule mama wa kibaoni atakaa juu ya nini? Juu ya dungu. Miti ya dungu nilikata mimi. Nimerudi nyumbani kifua mbele.

Jumatatu, 14 Julai

Tumemaliza kuvuna. Nusu ya shamba, gunia saba, mpunga safi. Nimeupiga picha kutoka pembe mbalimbali. Wapo wanaosema tungepata kumi na nne, lakini hao hawajui kulinganisha. Ukilinganisha saba na sifuri, ni ushindi mkubwa, na mlinzi rasmi wa shamba lile kwa siku saba nilikuwa mimi.

Kibao kimesimama gatini. Kimependeza. Wageni wanaoshuka wanauliza yule mama ni nani, nami nawaambia ni wa kwangu. Wengine wamenipa mkono.

Mwanamina mguu umepona. Jana kaniambia, kwa upole kabisa, kwamba msimu ujao ataamia mwenyewe, hata kama mguu utakuwa umekatika, na kwamba mimi nisikanyage shambani toka kupanda mpaka kuvuna. Nimeguswa. Miaka kumi na tisa ya ndoa na hatimaye kaona kwamba kumkalisha mtu kama mimi juu ya nguzo kufukuza ndege ni kumpoteza. Nitabaki mshauri. Nimeshaanza kufikiria ngedere: wanafukuzwa ovyo, bila mtu yeyote kukaa chini na kuwaelewa.

Amri nimemsamehe. Hakuniomba, lakini mshindi ndiye anayeanza. Kwake mwaka huu hali si nzuri, shamba limeliwa, na wali wao hautafika Ramadhani. Basi leo asubuhi nikamwambia Mwanamina, kwa moyo wangu wote, tumpelekee shemeji gunia mbili, asije akaona tumemshinda vibaya.

Akaniambia kampelekea tatu toka jana.

Tunaanza kufikiri sawasawa, mimi na mke wangu. Kakaa na mimi mpaka amejifunza.